Umeisoma, Mjomba?

Nilisema ndiyo.

Hilo ndo linaloniwasha, wiki ya tano sasa. Tulikuwa tumekaa ndugu ndugu, watu kama 15 hivi, maongezi yakatoka huku yakaenda kule mpaka yakafika kwa Nuhu, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 16, akauliza swali moja la kawaida tu: maji ya kufunika milima yote yalitoka wapi, na yalipomaliza kazi yakaenda wapi. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua saa.

Mimi sasa, mtu mzima, mjomba mtu, nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikamwambia sayansi yenyewe imeshakubali, wamekuta bahari chini ya ardhi, kubwa kuliko bahari zote tunazoziona, ushahidi uko ndani ya almasi moja ya kule Kongo na utafiti umechapishwa kabisa kwenye jarida kubwa. "Chemchemi za vilindi vikuu za Mwanzo 7, si unazijua? Ndo hizo." Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema amina kwa nguvu mpaka mtoto aliyelala akashtuka.

Binti akaitikia kwa kichwa, pole pole, halafu akaniuliza, "Umeisoma wewe mwenyewe, mjomba?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeona klipu ya dakika mbili, bila sauti, maandishi yakipita chini ya skrini, usiku, nusu nimelala.

## Almasi yenyewe

Nilivumilia kama siku kumi halafu nikaitafuta. Utafiti upo kweli, ni wa 2014, ulitoka kwenye jarida la Nature. Almasi ilitoka kwenye changarawe za mto huko Juína, Brazil, kitu cha rangi ya kahawia, kimechafuka, sonara asingekiangalia mara mbili. Ndani yake kulikuwa na punje ya madini yanayoitwa ringwudaiti, ndogo kiasi kwamba jicho tupu haliioni, na waliikuta kwa bahati tu maana walikuwa wanatafuta madini mengine. Haya madini yanaumbika kule chini sana, zaidi ya kilomita 500 chini ya miguu yetu, na kabla ya hapo watu walikuwa wameyaona kwenye vimondo na maabara basi. Ile punje ilikuwa na maji karibu asilimia 1.5 ya uzito wake. Ukichukulia kwamba ukanda wote wa kule chini uko hivyo, unaweza kupata maji yanayolingana na bahari zote au hata kuzizidi.

Mpaka hapo klipu haikudanganya.

Ila yale maji si maji ya kutiririka. Chukua ukuta wa zege. Fundi alimwaga ndoo kwa ndoo za maji kwenye saruji, na mengi ya yale maji hayakukauka yakaondoka kama tunavyodhani, yamo mle mle, yamegeuka kuwa sehemu ya jiwe. Sasa nenda kaukamue huo ukuta upate kikombe kimoja. Kule chini ndo hivyo hivyo, hakuna bwawa, hakuna wimbi, kuna mwamba mgumu ambao ndani ya fuwele zake kuna haidrojeni na oksijeni zimeshikana na madini. Na huo mwamba una joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Maji ya kutosha kufunika milima yakichomoka humo ndani ya siku 40, Nuhu hahitaji safina, anahitaji kitu ambacho hakijabuniwa bado, maana anachemshwa.

Walioandika ule utafiti hawakumtaja Nuhu hata mara moja. Mimi ndo nilimpandisha Nuhu kwenye almasi yao.

## Kikokotoo cha simu

Nikasema basi ngoja nipige hesabu mwenyewe, nisimtegemee mtu. Uso wa dunia ni kama kilomita za mraba milioni 510. Everest ina mita 8,849. Zidisha, unapata kilomita za ujazo bilioni 4.5, punguza kidogo kwa sababu ya nchi kavu ambayo tayari inachukua nafasi. Maji yote yaliyopo duniani, bahari, barafu, mito, ya chini ya ardhi, mawingu, jumla ni kama bilioni 1.4. Kwa hiyo unahitaji mara tatu ya yote, na karibu yote yenyewe tayari yako baharini.

Mvua nayo? Hii ndo iliniacha mdomo wazi. Ukikamua angahewa lote, kila wingu na kila unyevu, ukayamwaga sawa sawa dunia nzima, kina chake ni kama sentimita 2.5.

Nilipima kwenye kidole gumba. Haifiki mbali.

Najua jibu la upande wetu, nimelitumia miaka: milima ilikuwa mifupi kabla ya gharika, ikainuka baada ya hapo. Na kuna ukweli ndani yake, Himalaya kweli ilisukumwa juu, bara la India lilikuja kugonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita na mpaka leo linasukuma, sentimita chache kwa mwaka, mwendo wa kucha kuota. Sasa ukitaka safari yote hiyo iishe ndani ya miezi, ile nguvu inageuka joto, na ni joto la kuyeyusha mawe. Tunarudi kule kule kwa Nuhu kuchemshwa. Nimejaribu kulizunguka hili kwa njia kama nne hivi na kila njia inaishia kwenye sufuria.

## Kombe anayetembea

Nikakimbilia hoja ya pili, ile ya magamba ya baharini juu ya milima. Hii nilikuwa naiona haipingiki. Chokaa ya kilele cha Everest ina mabaki ya viumbe wa baharini, hilo si uzushi, mwanajiolojia yeyote atakwambia ile ilikuwa sakafu ya bahari. Nilichokuwa sijui ni kwamba hoja hii ilijibiwa miaka 500 iliyopita, na aliyeijibu ni Leonardo da Vinci, mchoraji huyo huyo.

Leonardo aliona magamba kwenye vilima vya Italia ya kaskazini, watu wakamwambia gharika ndo iliyaleta. Akachukua kombe, yule mdogo wa kwenye mchanga, akafikiria mwendo wake. Anajikokota, kwa siku anakwenda dhiraa tatu au nne. Kutoka bahari ya Adriatiki mpaka Monferrato ni maili 250. Atafikaje kwa siku 40? Na ukisema alibebwa na mawimbi, mbona magamba yamekaa kwa tabaka, wazee kwa watoto, mengine bado pande zake mbili zimefungana kama alivyokuwa hai? Kitu kilichosombwa na mafuriko kinachanganyika na kuvunjika, hakikai na familia yake.

Sikumpenda Leonardo siku ile, nakwambia ukweli.

Maana hakutumia mashine wala kipimo cha mionzi ambacho ningeweza kukitilia shaka. Alimwangalia kombe tu.

## Wachungaji wenye nyundo

Hapa ndo palinigeuza, na sikupategemea kabisa.

Mimi siku zote niliamini gharika ya dunia nzima iliangushwa na watu wasioamini, watu waliokaa wakatafuta namna ya kumtoa Mungu kwenye vitabu. Kumbe walioiangusha walikuwa wanaitafuta. William Buckland wa Oxford alikuwa kasisi. Mwaka 1821 ikagunduliwa pango huko Kirkdale, Uingereza, limejaa mifupa ya tembo, vifaru, viboko, fisi. Ushahidi wa gharika huo, si ndiyo? Maji yalisomba mizoga kutoka nchi za joto yakaishindilia pangoni. Buckland akaiangalia mifupa akaona alama za meno. Akaenda kumwona fisi hai wa kwenye maonyesho ya wanyama, fisi akapewa mfupa wa ng'ombe, akautafuna, jamaa akakusanya mabaki akalinganisha. Yakafanana. Yale hayakuwa maiti za mafuriko, lilikuwa pango la fisi, waliishi pale vizazi na vizazi na kuburuta mawindo yao ndani. Bado alishikilia kwamba tope la juu lililofunika mifupa lililetwa na gharika, akaandika na kitabu, 1823. Miaka kumi na kitu baadaye akaliachia na hilo.

Halafu Adam Sedgwick, naye kasisi, profesa wa jiolojia Cambridge. Na yeye alikuwa anahubiri gharika kwenye mawe. Mwaka 1831 anamaliza zamu yake ya urais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, anasimama kutoa hotuba ya kuaga, na mbele ya wenzake wote anasema kwamba aliyaamini na kuyaeneza mambo ambayo sasa anayaona ni uzushi, na kwamba ni haki, kama moja ya mambo yake ya mwisho kabla hajakiacha kiti, ayakane hadharani. Ile changarawe aliyoiita ya gharika ilikuwa ya nyakati tofauti tofauti, si ya tukio moja.

Hakuna aliyemlazimisha. Na aliendelea kuwa kasisi mpaka kufa.

Niliisoma hiyo nikiwa nimesimama jikoni, maji ya chai yakaisha kwenye jiko nisijue. Mimi nilishindwa kusema "sijaisoma" mbele ya ndugu 15.

## Ila na wao pia wana yao

Msidhani nimehamia upande wa pili nikabeba na magodoro. Kuna mtu anaitwa J Harlen Bretz, Mmarekani. Mwaka 1923 alianza kuandika kwamba lile eneo la mashariki ya jimbo la Washington, mwamba mtupu uliochimbika mifereji mikubwa na maporomoko makavu yasiyo na mto, lilichongwa na mafuriko makubwa kupita kiasi, tena ya ghafla. Wakubwa wa fani wakamshukia. Sababu moja, nadhani kubwa, ni kwamba ilinukia Nuhu, na jiolojia ilikuwa imehangaika karibu miaka 100 kujitoa kwa Nuhu. Walioongoza kumpinga wengine hata kwenye eneo lenyewe hawakuwa wamefika! Yaani na wenyewe walikuwa hawajaisoma.

Bretz alikuwa sahihi. Kulikuwa na ziwa la zama za barafu, Missoula, limezuiwa na ukuta wa barafu wenye kimo cha kama mita 600, ukuta ukashindwa, ziwa likamwagika lote kwa siku chache, na si mara moja, ilijirudia mara nyingi. Chini ya ziwa la zamani kuna mawimbi ya changarawe kama yale madogo unayoyaona kwenye mchanga wa ufukweni, ila haya yana kimo cha mita 10 hivi, ukisimama juu yake unadhani ni vilima, mpaka uyaone kutoka angani. Mwaka 1979 wakampa Bretz medali ya Penrose, mojawapo ya heshima kubwa kabisa za fani. Alikuwa amevuka miaka 95.

Nilitaka sana kumtumia Bretz. Nilishaanza hata kuandika kichwani: unaona mpwa wangu, wanasayansi waliwahi kuikataa gharika na wakaumbuka.

Halafu nikakaa kimya. Kwa sababu Bretz ananiharibia kuliko Leonardo. Alichoonyesha ni kwamba mafuriko makubwa yanaacha mwandiko, na mwandiko unasomeka baada ya miaka 15,000. Kama ziwa moja limeandika hivyo kwenye jimbo moja, maji ya dunia nzima yangeandikaje? Barafu ya Greenland, ambayo watu wamehesabu tabaka zake mwaka kwa mwaka kurudi nyuma miaka 60,000, ingekuwa imeelea ikaondoka, barafu si inaelea? Ipo pale pale. Ziwa Suigetsu la Japani chini yake kuna tope la mistari, mweupe wa vijimea, mweusi wa udongo, mweupe, mweusi, mwaka baada ya mwaka kwa makumi ya maelfu ya miaka, na majani ya miti yamo katikati kama alama za kurasa. Hakuna ukurasa uliochanwa.

Na duma. Duma waliwahi kubaki wachache sana, inakadiriwa ni miaka kama 10,000 hadi 12,000 iliyopita, na mpaka leo wanafanana damu kiasi kwamba kwenye miaka ya 1980 watafiti walichukua kipande cha ngozi ya duma mmoja wakakipandikiza kwa duma mwingine asiye ndugu yake, na mwili ukakipokea kama wa kwake. Hivyo ndivyo mnyama anavyoonekana akipita kwenye mlango mwembamba. Kama wanyama wote walipita mlangoni wawili wawili, au hata saba saba, kila mnyama angekuwa duma.

Duma tungemwona wa kawaida, asingemshangaza mtu.

## Kilichobaki

Haimaanishi hakuna kilichotokea. Mwishoni mwa zama za barafu bahari ilipanda kama mita 120, Ghuba ya Uajemi yote ilikuwa bonde kavu, watu waliishi maeneo ambayo leo samaki ndo wanaishi. Kule Mesopotamia, Iraki ya leo, mito miwili ilikuwa ikifurika na kumeza miji, kwenye mji mmoja wa kale, Shuruppak, kuna tabaka la tope la mafuriko la mwaka 2900 KK hivi, na masimulizi ya kale ya Wasumeri yanasema mtu wa safina alitoka mji huo huo. Kwenye hadithi ya Gilgamesh, shairi la kale la huko huko, mtu huyo wa safina naye anatuma njiwa, mbayuwayu, kunguru. Mtu ambaye dunia yake yote ni uwanda kati ya mito miwili, maji yakifunika mpaka upeo wa macho, atasema nini zaidi ya "dunia yote"? Na wapo wafasiri, kwa Waislamu na kwa Wakristo, wanaosoma kwamba Nuhu alitumwa kwa kaumu yake na maji yaliwajia wao.

Sijaamua. Kuna asubuhi nasoma Mwanzo 7 na naona tufani ya watu fulani mahali fulani, na kuna asubuhi nasema hapana, maandiko yanasema milima yote, nani mimi wa kupunguza.

Rafiki yangu mmoja akaniambia rahisi: ni muujiza, Mungu aliyaumba maji, akayaondoa, acha kuhangaika. Sawa. Kwa muujiza sina ubishi kabisa, aliyeumba bahari hashindwi kuongeza. Ila basi tuseme muujiza tukae hapo. Tatizo ni kwamba mimi sikusema muujiza siku ile, nilisema almasi. Nilimwita shahidi ambaye sikuwa nimeongea naye, kwa sababu nilijua jina lake litawanyamazisha watu. Na muujiza wenyewe una swali lake usiku: ina maana Mungu alileta maji, akayatoa, halafu akairudisha barafu, akapanga mistari ya ziwa moja moja, akachanganya upya damu za wanyama wote isipokuwa duma? Kwa nini afute? Anatuficha nini sisi?

Hapo huwa nalala.

## Simu

Jana jioni nikampigia mpwa wangu. Nikazunguka sana, shule vipi, mama hajambo, mpaka akaniuliza mjomba kuna nini.

Nikamwambia. Sikuwa nimeisoma. Nimeisoma sasa, na haisemi nilichosema, maji yako ndani ya mawe na hayawezi kutoka namna ile. Nikamwambia na habari za kombe na fisi, akacheka kwenye ya fisi.

"Nilijua, mjomba."

"Ulijuaje?"

"Ulisema Kongo. Mimi nilikuwa nimeisoma, ni Brazil."

Nikanyamaza. Nikamuuliza, sasa mbona hukunisahihisha pale pale?

"Walikuwa wanakupigia makofi," akasema. "Na ulikuwa umefurahi."